Pikipiki Iliyozima Nikiegemea

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Muleba, akaniambia macho yake yanafifia. Hakulia. Alisema asubuhi anaona migomba kama moshi, na watu wanaopita njiani anawajua kwa mwendo tu.

"Njoo nikuone," akasema, "kabla hujabaki sauti tu."

Mimi goti langu la kulia halikunjiki tangu nilipoteleza na ndoo mtelemkoni. Ngazi ya basi siiwezi. Vijana wa bodaboda nao wanataka upande haraka, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mzee wangu, yule aliyenioa, aliyasikia yote, maana simu yangu inapiga kelele kuliko redio. Alitoka nje akaondoa magunia yaliyofunika pikipiki yake ya zamani.

Ndiyo aliyokuwa akiendea kazini Maruku tulipokuwa na nguvu. Sasa kuku walikuwa wanataga juu yake. Akawatoa, akainua kiti, akaanza kazi hapo barazani, na mvua yetu ya Bukoba ikaanza yake.

Nilikuwa nachambua maharage huku namtazama. Alisafisha plagi kwa msasa. Kabureta aliifungua vipande vipande akavitandaza kwenye ungo wangu, nikamgombeza, akavihamishia kwenye jani la mgomba. Kiti alikirefusha, akakijaza sponji ya godoro letu kuukuu. Nyuma akafunga egemeo lililotoka kwenye kiti cha jikoni kilichovunjika. Upande wa kushoto akaning'iniza ubao chini kabisa, ili nikikaa upande mguu wangu upate pa kulala bila kukunjwa. Mvua ilivuma juu ya bati, harufu ya petroli ikachanganyika na ya kahawa iliyoanikwa ndani, na mimi nikawa nasinzia na kuamka, nasinzia na kuamka. Kila nikiamka pikipiki ilikuwa imeongezeka kitu.

Mara moja niliamka nikakuta tangi ni la njano. Njano ya ndizi mbivu, inachoma macho.

"Rangi ya nini?" nikamuuliza. "Tunakwenda harusini?"

"Kaa kimya, mama, inakauka."

Siku ya kujaribu aliisimamisha kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Akapiga kiki, ikakohoa, ikaitika. Akanipandisha. Nikaweka mguu kwenye ubao, nikaegemea. Ikazima.

Nikashuka, ikawaka. Nikapanda, ikazima. Jirani yetu, ambaye shamba lake limepakana na kibanja chetu, alikuwa amesimama ndani ya migomba na panga lake, anacheka.

"Imekukataa, mama! Ina wivu. Mzee alikuwa nayo kabla yako."

"Rudi ukapalilie," nikamwambia. "Magugu yako yananiingilia huku."

Aliondoka, lakini neno lake lilibaki. Mzee alibadilisha plagi, akapuliza mpira wa petroli, akakaza kila bolti. Mimi nikipanda, inazima. Mdogo wangu alipiga tena, akaniambia sasa hata moto jikoni anautafuta kwa mkono. Usiku huo sikula.

Kesho yake alasiri nikapanda mwenyewe. Nilikaa mbele mbele, mgongo umenyooka kama niko kanisani, mzee akaiwasha, akaingiza gia. Haikuzima. Gurudumu likazunguka hewani, baraza ikatetemeka chini yangu, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka sikuiona tena migomba. Nikafumba macho. Nikapita Kemondo, ziwa likiwa jeupe upande wangu. Nikapita Muhutwe, wanawake wakiwa na mikungu vichwani, hakuna aliyenisalimu, wala sikuchukia. Nikamwona mdogo wangu akiwa mtoto, anakimbia mbele yangu kwenda kuteka maji, hageuki. Nikataka kumwita. Nikajilegeza nyuma nipumzike kidogo, na dunia yote ikanyamaza.

Nilifumbua macho. Niko barazani, kuku ananitazama.

"Nikiegemea inazima," nikamwambia mzee. "Nikikaa mbele haizimi. Si mimi inayenikataa. Ni hilo egemeo lako."

Akang'oa kiti. Chini yake kulikuwa na waya wa kuzimia injini, umechubuka mpaka shaba inaonekana, na pale palipochubuka alikuwa amepazungushia kamba ya mgomba. Kamba imelowa mvua, imelegea. Nikiegemea, chuma cha egemeo kinaukandamiza waya kwenye mwili wa pikipiki, ni sawasawa na mtu aliyezima kwa swichi.

"Umefunga umeme kwa kamba ya kufungia mikungu?"

"Kila kitu hapa kimefungwa kwa kamba hiyo," akasema. "Na hakuna kilichoanguka."

Ni kweli. Uzio, mbuzi, mzigo niliokuja nao siku niliyoolewa, vyote ni kamba ya mgomba. Lakini nilimpokonya ile aliyoishika nikaitupa kwenye moto. Akakata kipande cha mpira wa tairi, akauzungushia waya, akauhamishia mbali na egemeo. Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikaendelea kuunguruma.

Tulitoka kwetu Kitendaguro mvua ilipokatika. Njia ilikuwa ile ile niliyoipita barazani, isipokuwa hii ilikuwa na mashimo, na watu walinisalimu. Mzee hakukimbia. Mimi nilishika shati lake, nikatazama mvuke ukipanda kutoka mashambani, na mara nyingine sikujua kama nimelala.

Mdogo wangu alikuwa amesimama penye njia ya kuingilia kibanja chake, mkono juu ya nyusi.

"Naona njano inakuja!" akapaza sauti.

Mzee hakugeuka kunitazama. Alizima injini tu. Ndipo nilipoijua ile rangi ilikuwa ya nani.

"Hiyo ni pikipiki," nikasema.

"Najua ni pikipiki, waitu, dada yangu, sijawa mjinga. Wewe uko wapi?"

Nikashuka kwa ubao wangu, nikamsogelea mpaka pumzi yake ikanigusa shavuni. Akanishika kichwa, akakielekeza kwenye mwanga. Alinitazama muda mrefu.

"Umezeeka vibaya," akasema.

"Kumbe unaona vizuri."

Hakuniachia. Goti lilikuwa linaniuma, lakini nilisimama hapo hapo, nikamwacha anitazame mpaka ashibe.