Firigisi ya Jogoo Wangu

Nilipoanza masomo ya jioni, mama mzima na watoto wangu nyumbani, mwalimu wa baiolojia alichora tumbo la binadamu kubwa hivi, rafiki yangu, nusura utumbo mwembamba utokee dirishani. Akatupitisha njia nzima: mdomo unatafuna, umio unateremsha, tumbo linasukasuka chakula na asidi mpaka kinakuwa uji, utumbo mwembamba unafyonza lishe, utumbo mpana unafyonza maji, na kinachobaki unakijua mwenyewe. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na la kike likoje?"

Darasa lilicheka mpaka mabati yakatikisika.

"Mama, tumbo la chakula halina kike wala kiume."

Mimi sikucheka. Mawazo yalikuwa yameshafika Lizaboni, jikoni kwa bibi aliyenilea.

Bibi alinipa kifaranga, nikamlea kwa pumba na kumbikumbi, akawa jogoo ambaye akiwika, Tunduru wanaamka. Krismasi ikafika, mvua inapiga, jogoo wangu yuko chunguni. Kusafisha firigisi ilikuwa kazi yangu: naipasua, namwaga punje na vijiwe, nabandua lile ganda la njano ndani. Kuku hana meno, bibi aliniambia, anatafunia humu. Nikamwomba anipe hiyo, safari hii tu, kwa kuwa jogoo alikuwa wangu.

"Firigisi ni ya wanaume," akasema. "Tumbo la kike haliwezi kuisaga. Itakaa humo ianze kukusaga wewe."

Nikaamini. Nisiamini vipi? Ndiye aliyenichemshia majani kila nilipoharisha. Tumbo langu alilijua kuliko mimi.

Mjomba akaja kutoka Lusewa na mwanawe, mdogo kwangu, kibogoyo wa meno ya mbele. Nikapiga goti, "Shikamoo mjomba," nikatenga ugali. Mjomba akaichukua firigisi, akamtilia mwanawe mdomoni. Mtoto akaimeza karibu nzima. Nilimkodolea macho mchana kutwa, nikisubiri aanze kusagika. Akaomba paja.

Baada ya somo lile nilimfuata bibi, wakati huo amezeeka, hali kitu ila uji.

"Bibi, ile habari ya firigisi na tumbo la kike, ulijua si kweli?"

Akacheka taratibu. "Tangu nikiwa msichana. Niliiba moja jikoni kwa mama yangu, nikaila. Si mimi huyu hapa, mzima?"

"Mbona mimi ukanidanganya?"

"Ilikuwa moja, mama. Na mjomba wako ndiye aliyekuwa anatuletea mahindi."

Bibi hayupo tena, na jiko lake lilishabomolewa. Mtaani pale sasa firigisi zinakaangwa sinia zima, za kuku wasiojulikana ni wa nani, anakula anayetaka. Nami nimekula, tena nyingi. Lakini bado inaniuma. Angeniambia tu habari ya yale mahindi, ningemtilia mgeni firigisi ile kwenye sahani kwa mkono wangu mwenyewe.