Meja wa Mizinga na Leso Saba

Kibanda changu cha mitumba pale Soko la Toi, Nairobi, kilikuwa na mabati mawili yasiyovuja na moja lililovuja. Mvua ikianza, watu walijibana chini ya yale mawili, na mtu aliyejibana kati ya makoti, akiwa na baridi, ni mteja hata kama hajui. Upande wa pili wa kamba ya nguo alikaa mama fundi na cherehani yake ya kukanyaga, mjane, akipunguza suruali nilizowauzia watu walionunua kwa macho badala ya kiuno. Yeye alitoka Kawangware 46, kwa wenye ploti za kupangisha. Mimi nilitoka nyumba ya kupanga Kibera, upande wa Olympic, na kabla ya hapo ziwani. Tuligawana chai na umbea, na kila mmoja aliondoka jioni akiamini amempunja mwenzake.

Meja aliingia Julai moja ya baridi. Mzee mrefu, Mnorwe, akashika koti la sufi, akaligeuza, akacheka. Lilikuwa limeshonwa kwao. Nikataja bei ya mzungu. Sikuitaja kwa ubaya. Ile ni salamu tu.

Akajibu bei ya chini mno, bei ya kitambaa cha kufutia viatu. Nikacheka kama mtu aliyetukanwa. Akafikiri, akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Basi ongeza mia saba."

Nikamtazama. Sijawahi kuona mteja anayejipandishia bei mwenyewe.

"Sasa ongeza mia," akasema. "Sasa punguza hamsini. Hapo. Hapo ndipo bei ilipo."

Na kweli ndipo ilipokuwa. Ilikuwa ile bei niliyokuwa nimeificha moyoni tangu asubuhi. Nikamuuliza alijifunzia soko gani.

"Si soko. Mizinga. Nilikuwa meja wa mizinga. Kombora la kwanza unalipitisha shabaha, la pili unaliangusha kabla yake, kisha unagawa katikati mpaka ufike."

"Buda," nikamwambia, "hiyo ndiyo kazi yangu."

Kuanzia siku hiyo akawa Meja, na akawa wetu. Alikuwa amestaafu kazi yake ya mwisho hapa Nairobi, hakuwa na mke wala haraka, na alipenda kukaa kwenye benchi langu akinitazama nikiwapiga watu bei. Mteja akikaza, Meja alinong'ona, "Punguza hamsini, rudia." Mara nyingi alikuwa sahihi, na mara zote nilimwambia anyamaze.

Sikio lake la kushoto lilibaki vitani. Ukimsemesha upande huo ulikuwa unaongea na ukuta, tena ukuta wenye adabu, maana alitabasamia kila kitu. Mimi ilinichukua miezi kuelewa, na miezi hiyo yote nilidhani ananidharau. Mama fundi alielewa siku ya kwanza. Alikuwa anampima kiuno, akauliza swali, akapata tabasamu, akauliza tena, kisha akachukua tepu yake akazunguka akaja kulia. Sikumwona tena akisimama kwingine. Kukiwa na dimbwi upande wa kulia, alikanyaga dimbwi.

Maisha yake alitupa vipande, kipande kwa kila manyunyu. Kwao ni kaskazini kabisa, ambako jua lenyewe huenda likizo. Bahari ilimtapisha, kwa hiyo akaingia jeshi. Wakampeleka kwanza kulinda amani kati ya watu wasioitaka, halafu wakampeleka vita vya milimani, nchi ambayo hakuitaja, na sisi hatukumbana. Kilichotushangaza ni kwamba katika vita vyote hivyo hakumwona adui.

"Mizinga hukaa nyuma ya kilima," alitueleza. "Mtu mwingine yuko juu ya kilima kingine, na redio. Anasema ongeza mia, punguza hamsini, kushoto kidogo. Wewe unageuza chuma, unapiga. Akisema rudia, unarudia."

"Na ukipiga ng'ombe wa mtu?" mama fundi akauliza, yuko kulia kwake.

"Redio haikusema ng'ombe."

Cherehani ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea.

Vita vilipoisha alirudi huko bila sare, akapanda ule upande ambao alikuwa akiuona kwenye ramani tu. Alikuta ngazi za mashamba, ukuta wa mawe uliokatika, na watu waliomkaribisha chai bila kujua anatoka upande gani wa kilima. Hakuimaliza ile chai. Katika yale mashamba kulikuwa na mabomu yaliyoanguka bila kulipuka, na watoto walikuwa wanachunga mbuzi kati yake. Akaacha cheo, akajifunza kuyaondoa. Miaka iliyofuata aliishi kwa magoti, na kijiti mkononi, akigusa udongo kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro. Alisema kuyarusha kutoka nyuma ya kilima kulichukua mchana mmoja. Hakumaliza sentensi, na mimi, mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, sikumdai hesabu ya kuyaondoa. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Nairobi, kuwafundisha vijana waliokwenda kusafisha nchi za jirani.

Kwa hiyo mama fundi alipokubali kuolewa naye, mimi sikushangaa. Mamake ndiye aliyeshangaa.

Tulienda Kawangware 46 kujitambulisha. Meja hakuwa na ndugu hapa, basi mimi nikawa ukoo mzima: baba mdogo, mjomba na msemaji. Mama mwenyewe, mwenye ploti, alikuwa mdogo wa mwili, na alikaa kwenye kochi kama aliyelichonga. Akauliza mgeni alifanya kazi gani. Nikasema haraka, "Serikali, mama."

"Mizinga," Meja akasema.

"Ulikuwa unapiga nani?"

"Sijui, mama. Sikuwaona."

Nikaanza kutafuta mzaha wa kufunika.

"Mtu alilipwa mshahara kupiga kitu hajaona," mama akasema, akimwangalia bintiye, si sisi. "Na sasa nimpatie mtoto. Sawa. Siku ya ngurario, ile ya kukata bega la mbuzi, tutawafunika wasichana leso, bwana achague wake, vile tunafanyanga. Wengine wakikosea wanatoa mbuzi, tunacheka, wanajaribu tena. Huyu hapana. Huyu ni mara moja. Akishika mwenye si wake, tutakula chakula, tutasalimiana vizuri, na ataenda kwao."

Nikafungua mdomo nianze kuteremsha. Angalau mara mbili, nilitaka kusema, hata muuza nyanya hukuruhusu kubonyeza mbili. Lakini Meja alikuwa ameshaitikia. Alikubali bei ya kwanza, mbele yangu, mtu niliyemlea mwenyewe. Njia yote ya kurudi sikumwongelesha, tena nilitembea upande wa kushoto makusudi.

Kesho yake hasira ikaisha, nikapanga. Nilikuwa nimemuuzia mama fundi viatu vya sherehe, rangi ya maziwa, kisigino kifupi, cha kulia kimekwaruzika kidogo ndani. Leso ingefunika kichwa mpaka goti, lakini viatu vingebaki nje.

"Meja," nikamwambia, "mimi ndiye mtu wako wa juu ya kilima. Nikikohoa, piga."

Alicheka mpaka akafuta macho. Hakusema ndiyo. Nilisikia ndiyo.

Siku ikafika. Hema lilifungwa kati ya safu mbili za vyumba vya kupanga, na wapangaji wote walikuwa wamekuja, hata wenye kodi ya kukwepa. Wanawake wakatolewa, wamefunikwa leso, wameinama kama vikongwe. Saba. Nikahesabu tena, saba. Mama alikaa mbele, mikono juu ya mapaja, hacheki.

Meja akaanza kupita, safu ikiwa kulia kwake. Wa nne alivaa viatu rangi ya maziwa, cha kulia kimekwaruzika ndani. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kifua kizuri kabisa, mpaka mzee mmoja akanipa maji.

Meja akasimama mbele ya yule wa nne. Akaviangalia vile viatu. Kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole, akapita.

Nikaona mbuzi wote, hema na ukoo wangu wa siku moja vikienda naye uwanja wa ndege.

Akafika mwisho. Wanawake wa upande wa bibi harusi walikuwa wakiimba na kumtania: "Meja, risasi imeisha?" "Mzee, omba miwani!" Akageuka, akaanza kurudi taratibu, na sasa safu ilikuwa upande wake wa kushoto, upande wa ukuta. Kila baada ya hatua alisimama na kusema jambo moja, kwa sauti ya benchi langu: "Leo ni baridi."

Wa saba, kimya. Wa sita, leso ikatetemeka kwa kicheko. Wa tano, kimya. Wa nne, mwenye viatu nilivyouza mwenyewe, kimya. Akamfikia wa tatu. "Leo ni baridi," akasema.

Na yule wa tatu, ambaye alivaa raba za mtu mwingine, akatoka kwenye safu. Alizunguka mgongoni mwa Meja, akaja akasimama kulia kwake, bado ameinama, bado amefunikwa, ncha ya leso ikiburuta kwenye matope.

Meja akamshika mkono.

Kelele ikapanda. Shangazi mmoja akaruka: "Hiyo haihesabiki! Ametoka mwenyewe!"

Hapo kazi yangu ikarudi. "Mama," nikasema, "masharti yalikuwa asikosee. Amekosea?"

Mama alimfunua bintiye leso kichwani, akamtazama uso, akatazama zile raba. Kisha akamwambia Meja, "Wewe. Uliona nini?"

Meja hakusikia. Mama alikuwa kushoto. Bintiye akamrudia lile swali sikioni.

"Sikuona kitu, mama," akasema. "Kwa hiyo sikupiga. Nilingoja."

Mama akakaa. Akairekebisha leso yake mabegani kwa muda mrefu kuliko leso inavyohitaji.

"Leteni bega la mbuzi wakate," akasema. "Na huyu wa kukohoa mpelekeni hospitali."

Pale palipokuwa na cherehani Toi sasa kuna mtu wa vifuniko vya simu, kijana mzuri, lakini hajui kunyamaza pahali panapostahili. Julai ikifika, mteja akikaza koti, bado nasema peke yangu, punguza hamsini, rudia, na mteja huniangalia kama mgonjwa.

Mwezi uliopita niliwatembelea Kawangware. Wanakaa chumba cha mbele cha ile ploti, na cherehani iko mlangoni. Nilibeba mkate na hadithi za soko, nikataka kiti kizuri. Upande wa kulia wa Meja alikuwa amekaa mkewe. Kati yao, kwenye kigoda, ameubana mguu wa Meja kwa kiwiko ili amsikie vizuri, alikuwa mama mkwe, anamweleza habari za mpangaji wa chumba cha mwisho.

Nikakaa kushoto. Nikaongea na ukuta mpaka jioni, nao ukanitabasamia.