Pacha Kutoka Ng'ambo

Nikinusa karatasi iliyowahi kuloa mvua kisha ikaanikwa juani, namwona Anko Ouma, ndugu yake mama, amekalia ndoo iliyopinduliwa kwenye ua wa ploti yetu kule Lindi, Kibera. Mapajani alikuwa na riwaya nene ya Kiingereza isiyo na jalada. Tajiri mmoja alikuwa amekutwa amekufa ndani ya chumba kilichofungwa, na kila Jumapili baada ya kanisa Anko alitusomea kipande, akitafsiri papo hapo huku wanawake wakichambua mboga za sukuma. Sikuwa mtoto wa kuamini upesi. Mama alikuwa akisema hata malaika akinitokea, nitamwomba kitambulisho.

Shida ilikuwa majina. Kitabu kilijaa mawakili, mabinamu na wapishi wenye majina ya Kizungu yasiyokaa kichwani, kwa hiyo Anko akawabatiza upya. Daktari wa tajiri akawa Mutiso, kwa sababu nusu ya wapangaji walikuwa Wakamba. Mtunza bustani akawa Onyango, kwa sababu nusu nyingine tulikuwa watu wa ziwa, kabila la Anko na mama. Tulicheka sana. Kila mtu alikuwa amepata ndugu katika nyumba ya Mzungu.

Kisha shati la Onyango likapatikana na damu.

Siasa za vyama vingi zilikuwa zimefika mpaka kwenye foleni ya maji, na watu walikuwa wameanza kumpima jirani kwa jina lake. Mama Kioko, jirani yetu Mkamba wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenilisha mchana mama akiwa kazini. Siku hiyo ya shati alitabasamu tu. "Mimi nilijua kitambo. Huyo Onyango wenu ana maneno mengi."

"Na Mutiso wenu ana dawa nyingi," mama akamjibu. "Ile chai ya mwisho ya tajiri ilipikwa na nani?"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Jumapili iliyofuata kila upande ulikuja na ushahidi wake. Baada ya hapo Mama Kioko akaacha kuniita kula. Nilikaa mlangoni nikinusa muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukichemka nyuma ya mabati, nikajua muuaji asipopatikana upesi, nitakonda.

Siku ya mwisho Anko alisoma polepole, akapitisha macho kwenye kurasa za mbele. Halafu akatangaza kwamba muuaji hakuwa Mutiso wala Onyango. Alikuwa pacha wa tajiri, aliyekuja kwa siri kutoka ng'ambo na sasa amesharudi huko.

"Pacha?" akauliza Mama Kioko. "Kitabu gani hiki cha ovyo?"

Mama akasema tumepotezewa Jumapili zetu bure. Wakamsuta Anko kwa pamoja mpaka sukuma ikaisha, na kesho yake mchana nikasikia ukuta ukigongwa, nikaitwa kula.

Lakini nilikuwa nimekiona kidole cha Anko kikiwa bado katikati ya kurasa ambazo hakuwa ametusomea. Nilimfuata nikamuuliza pacha aliingiaje, na chumba kilikuwa kimefungwa.

"Sasa wewe umekuwa CID?" akasema, akakificha kitabu juu ya kabati.

Kwa miaka mingi niliamini nimemfumania: muuaji ni Onyango, na Anko alikuwa amemficha mtu wetu. Sikumwambia. Niliacha tu kumwamini, hata alipokuwa akisema kweli.

Nikiwa chuo kikuu nilikutana na riwaya ile maktabani, nikaitambua kwa kile chumba kilichofungwa. Nilianzia mwisho, kama polisi anayejua pa kupekua. Muuaji alikuwa daktari, yule aliyebatizwa Mutiso. Damu ya shatini ilikuwa ya sungura. Anko angesoma ukurasa mmoja tu, na sisi watu wa ziwa tungeshangilia mbele ya mlango wa Mama Kioko. Badala yake alikubali kuitwa msomaji mbovu na dada yake, na majirani, na mimi.

Kama riwaya, pacha yule bado ni upuuzi, na sijabadili msimamo. Lakini mimi niliyemshuku kila mtu, sikuwahi kushuku kwamba mtu mzima anaweza kujiaibisha hadharani ili jirani asiaibike.