Mwanamke Anayesoma Kaboni Kwenye Cheche

Saa mbili asubuhi, Mama Cheche anafunga kitambaa kichwani, anavaa miwani mizito ya plastiki na kuwasha grinda. Anagusisha kipande cha chuma kwenye jiwe linalozunguka. Cheche zinaruka ndefu, zimenyooka, rangi ya majani makavu. Chuma chenyewe hakiangalii. Anaangalia cheche.

"Huyu mpole," anasema, na kukitupa kwenye pipa la kushoto. "Kaboni aliyonayo haikati hata nyanya."

Kinachofuata kinatoa cheche fupi zinazopasuka matawi matawi. Hicho kinakwenda kulia. "Mkali huyu. Kama mama mkwe wangu, Mungu amrehemu."

Kwa miaka ishirini na miwili amechambua vyuma chakavu katika yadi hii ya ukuta wa mabati. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, ambaye somo lake lilikuwa kumsimamisha nyuma ya bega na kumwambia anyamaze atazame. Sasa yadi ni ya mdogo wa mumewe. Mama Cheche shule aliishia darasa la nne.

Neno kaboni alilipata kwa mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo ng'ambo ya barabara, mama mmoja anayekuja kuokota nyaya za maabara yake. Siku moja alisahau nyaya, akabaki akitazama cheche. Akamweleza Mama Cheche kwamba mwanzoni ulimwengu ulikuwa karibu wote haidrojeni na heli, gesi tupu, na kwamba karibu vingine vyote vilipikwa na nyota. Kaboni ilitangulia. Chuma kilikuja mwisho wa upishi: nyota kubwa ikishajaa chuma tumboni haipati tena joto la kujishikilia, inaporomoka, inalipuka, na vilivyomo vinatawanyika. Katika majivu hayo ndimo ilimotoka ardhi, misumari, na sisi.

Mama Cheche aliuliza kama upishi huo ulikuwa na mpishi. Mwalimu akasema huko hakusomea. Walicheka, lakini jambo moja lilimganda: kwamba kaboni inayopasua cheche ndiyo ileile iliyo kwenye mkaa, kwenye mkate, na kwenye kidole kinachoshika chuma.

"Wiki nzima nikiosha vyombo naitazama mikono yangu," anasema.

Miezi mitatu iliyopita nusura kazi imponyoke. Jiwe la grinda hubaki na chembe za chuma kilichotangulia, kwa hiyo lazima lisuguliwe kabla ya kipande kingine. Siku hiyo mizigo ilikuwa mingi, hakusugua. Vyuma vipole vikarusha cheche za mkali aliyetangulia, naye akaziamini. Tani nne zikaenda kwa watengenezaji wa visu. Visu vikapinda, na mzigo ukarudi wote.

"Sikumsingizia mtu. Nilimwambia shemeji, ni mimi, ni uvivu wangu."

Shemeji akaazima mashine yenye umbo la bastola, inayopiga miale kwenye chuma na kuandika kilichomo. Alimwambia wazi: ikimshinda, grinda inauzwa. Mama Cheche ana miaka hamsini na tisa, na hajui yadi nyingine itakayompokea.

Jumatatu iliyopita, ili washindanishwe yeye na mashine, waliletewa vipande kumi, vimekatwa vidogo visijulikane vilikotoka. Katika vinane vya kwanza mashine ilijibu yeye akiwa bado anarekebisha miwani. Kimoja chenye nikeli alikikosea kabisa, akakiri.

Vikabaki viwili. Mashine ikasema ni ndugu, chuma karibu kitupu. Mama Cheche akasugua jiwe, akagusisha cha kwanza. Akasugua tena, taratibu, shemeji akitazama saa yake. Akagusisha cha pili.

"Shemeji, hawa si ndugu," akasema. "Hawajawahi hata kuonana."

Vikabanwa kwenye jiliwa, vikapigwa nyundo. Cha kwanza kikapinda. Cha pili kikakatika kama biskuti.

Mwalimu alipoulizwa, alieleza kwamba mashine za mkononi za aina ile haziioni kaboni. Ni nyepesi mno kwazo.

"Kwa hiyo inaona kila kitu," Mama Cheche akasema, "isipokuwa kile alichoumbwa nacho mwenye mashine?"

Shemeji hakuomba radhi, wala hakuombwa. Alisema tu kwamba grinda haiuzwi, mashine itanunuliwa, na vyenye nikeli Mama Cheche asivipitishe tena kwa macho. Mwenyewe anaona ni haki.

Sasa anataka kuishika bastola hiyo mwenyewe. Mwalimu amemwandikia alama kumi na mbili za metali kwenye karatasi; ameshazikamata tano, na mwaka ukiisha anataka awe amezimaliza. Alama ya kaboni, herufi C, aliiomba iongezwe chini, ingawa mashine haitaionyesha kamwe.

"Hiyo nitaiandika mimi," anasema, akitafuta chaki mfukoni. "Juu ya chuma chenyewe."