Nyoka wa Lauga na Kabati la Vikombe

Sigurlaug, ambaye mji mzima ulimwita Lauga, hakuwa amezoea kumkatalia jambo wifi yake Gudny, dada wa mumewe. Miaka yote aliyopasua samaki kando ya Ziwa Winnipeg, huko Kanada, na hata baada ya kumzika mumewe, Gudny akisema keki ikatwe hivi, ilikatwa hivyo.

Kisha akaja nyoka. Lauga alimkuta katika chumba cha chini ya nyumba, msimu ambao nyoka hurudi mapangoni kukwepa baridi: mwembamba kama penseli, mgongo una mistari ya njano, wa aina isiyodhuru mtu. Wengine huwafagia nje. Yeye alimtia katika sanduku la kioo la samaki wa mapambo, akamlisha nyungunyungu. Nyoka akala, akajivua gamba, akala tena. Mwaka wa pili alikuwa na urefu wa mkono wa Lauga tangu begani hadi vidoleni, na alikuwa bado anakua. Alishinda akisugua pua kwenye kifuniko, hadi ikachubuka.

"Mwache humo humo," Gudny alisema Jumapili moja, ameng'ata kidonge cha sukari, kahawa ikipitia humo kama walivyokunywa mama zao waliotoka Aisilandi. "Nyoka hukua kadiri ya chombo."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

"Basi kila mtu aje aitazame hiyo pua."

Gudny akacheka. "Wifi, umezeeka vibaya. Wenzako wanafuga paka!" Kisha akaligeukia kabati la marehemu mama yake, pana, la milango ya vioo, limejaa vikombe visivyoguswa tangu mama huyo afariki. "Hili nalifuata Jumapili ijayo. Mjukuu wangu anaolewa."

Hakuomba, alitangaza. Alipoondoka, Lauga alilipima kabati lile kwa mkono wake. Kisha akatafuta bisibisi.

Jumapili Gudny alikuja na gari la kuazima. Vikombe vilikuwa mlangoni, vimefungwa vizuri katika makasha. Kabati halikuwa na rafu tena. Ndani mlikuwa na udongo, magome, beseni la maji na taa, na nyuma wavu wa waya. Nyoka alikuwa amelala chini, amenyooka kama kamba iliyovutwa.

"Umelifanya nini kabati la mama!"

"Langu. Alinipa mimi niliyemwogesha hadi anakufa. Vikombe chukua vyote."

"Mjini watasema umerukwa na akili."

"Wasimulie wewe, wifi, usiwaache wabahatishe."

"Sikanyagi tena hapa!"

Lauga alimshikia mlango. Makasha hakuyagusa, Gudny aliyabeba mwenyewe, moja moja, akihema.

Gari lilipopotea barabarani, Lauga alifunga mlango. Jumapili zijazo meza ingekuwa na mtu mmoja. Hilo Lauga alilijua tangu alipofungua skrubu ya kwanza, na hakuacha.