Rafu ya Mizigo ya Kanada

Kosa la Anselm Quamina lilikuwa kusema. Angejaza makaratasi yake kimyakimya, kama wafanyavyo watu wenye akili, mtaa usingejua kitu. Lakini alisema, tena kwenye msiba, watu wote wakiwa wamekaa kwenye viti vya kukodi wanakunywa kahawa na biskuti za jibini.

"Nimeomba kwenda Kanada," akasema. "Kama fundi stadi. Wanatafuta watu wa kuchomelea vyuma. Wameandika wenyewe."

Huku kwetu kusini mwa Trinidad, mtu akisema ameomba, watu husikia ameshapanda ndege. Kesho yake asubuhi Shangazi Velma alikuwa kwenye geti lake na bati la keki mikononi. Saluni yangu inatazamana na geti hilo, na mimi macho yangu hayana pazia, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona.

"Anselm, mwanangu, hii ni ya Garth wangu. Yuko Toronto. Ukifika mpigie, atakuja kuichukua."

"Shangazi, hata sijaitwa. Ndiyo kwanza nimetuma maombi."

"Si utaitwa? Wewe weka tu. Keki nyeusi haiharibiki, mradi uinyweshe ramu. Uinyweshe keki, nimesema, siyo koo lako. Nakujua."

Baada ya Velma wakaja wengine. Chupa za pilipili ya kusaga, bizari, vipira vya ukwaju, mpaka jozi ya soksi za kufuma za mtoto ambaye hadi sasa lazima ameshaanza shule. Kila mtu huku ana mtu wake kule, na kila mtu ana hakika kwamba mtu wake anakufa kwa kukosa pilipili. Anselm hakuweza kumkatalia mtu. Alichukua vyuma vilivyobaki kwenye kazi ya madirisha, akachomelea rafu ndefu sebuleni, akapanga kila kitu na jina la mwenyewe. Ilikuwa rafu nzuri. Alipomaliza alinivuta mkono niione, akasimama kando yake kama baba wa bibi harusi.

"Ikifika siku yenyewe, sanduku langu litakuwa na nafasi ya suruali moja tu," akasema, na alifurahi kweli.

Kiwanda cha mafuta alichofanya kazi tangu ujana kilikuwa kimefungwa. Mama yake alikuwa amefariki. Jocelyn, waliyekaa pamoja miaka mingi, alikuwa amehamia Tobago na mtu mwingine, na sitasema zaidi maana bado ni mteja wangu akija. Kwa hiyo Kanada ndiyo ilikuwa mbele yake yote. Hakuwa na nyingine.

Lakini wale watu wa Kanada wana mtindo wao. Hawakukatai, hawakukubali. Wanakuhesabia alama za umri, za shule, za kazi na za lugha, kisha wanakuingiza kwenye foleni ya kwenye mtandao. Kila baada ya muda wanachora mstari. Walio juu ya mstari wanaitwa, walio chini wanakaa. Anselm alikuwa chini kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichomtesa.

Lugha nayo! Mtu aliyezaliwa kwa Kiingereza, akalelewa kwa Kiingereza, akatukanana na mafundi wenzake kwa Kiingereza, alitakiwa kwenda Port of Spain kufanya mtihani wa Kiingereza. Alirudi amenuna.

"Wameniambia nieleze kwa dakika mbili safari ninayoitamani."

"Na wewe ukawaambia nini?"

"Koo likakauka, Dulcie. Nilikuwa nayo yote kichwani. Nikasema ningependa kwenda Kanada, basi, nikamaliza. Yule mama msimamizi wa mtihani akaniangalia, akaangalia saa yake, tukabaki tunaangaliana."

Nilicheka mpaka nikamwunguza mteja sikio kwa pasi ya nywele. Yeye hakucheka. Alirudia mtihani ule, akapata nafuu kidogo, lakini mwaka nao ulikuwa umepita, na kumbe kila siku ya kuzaliwa wanakukata alama. Alizozipata kwenye lugha zikaliwa na umri. Mwaka huo nilimpelekea makaroni ya kuoka na mshumaa mmoja juu yake.

"Dulcie, zima huo," akasema kabla sijafungua kinywa kuimba. "Leo wamenikata."

Tukala gizani, maana mshumaa ndio uliokuwa taa yetu. Umeme ulikuwa umekatika. Sikumwimbia tena.

Sasa niseme lile ambalo mtaani hakuna aliyelisema. Mtu akishaitwa msafiri, watu huanza kumzoea kama hayupo. Kazi za mageti zikamkimbia. Walisema, aanze geti langu halafu ndege imchukue, nani atalimaliza? Hollis, waliyecheza wote karata tangu wakiwa vijana, na karata zetu ni za wawili wawili, akatafuta mwenzake mwingine.

"Siyo ubaya, kaka," Hollis alimwambia pale pale penye meza, kadi ziko mkononi. "Nauzoea mkono wako, kesho unapaa. Nitabaki na nani?"

"Mimi niko hapa, Hollis. Si unaniona?"

"Leo uko. Sogea basi, unamzibia mwenzangu taa."

Watu wakaangua kicheko, na Anselm akacheka nao, maana huku kwetu ukitaniwa ukanuna umekwisha. Akasogea. Krismasi ilipokuja, waimbaji wanaopita nyumba kwa nyumba na magitaa yao walilipita geti lake moja kwa moja, mwaka ule na mwaka uliofuata. Nilimwona amesimama barazani, amevaa shati safi, chupa ya ramu na glasi ziko tayari mezani. Walidhani ameshaondoka. Nilitoka nje nikawapigia kelele, lakini magitaa yalikuwa na sauti kuliko mimi. Alikuwa mpweke yule mtu, mpweke wa kuumiza, katikati ya mtaa aliozaliwa.

Kilichobaki ilikuwa rafu. Alipangusa zile chupa, akazigeuza majina yaangalie mbele. Na kila mwezi alifungua bati la Shangazi Velma, akainyunyizia keki ramu kwa kijiko, polepole.

Kisha Shivani akapata viza. Huyu ni binti wa Ramdeen mwenye duka, msichana wa kompyuta, mpole, kijana, alama zimejaa tele. Hakumwambia mtu mpaka tiketi ilipokuwa mkononi. Habari ilitoka dukani asubuhi, na kabla ya mchana Hollis alikuwa kwenye geti la Anselm akikuna kichwa.

"Ile chupa yangu ya pilipili, kaka. Siyo kwamba nimekata tamaa na wewe. Ila huyu anaondoka Jumamosi."

"Katikati ya rafu," Anselm akamjibu. "Chukua."

Baada ya Hollis wakaja kwa zamu. Wengine walitazama chini. Wengine, na hao ndio walionichefua, walijifanya wamekuja kumjulia hali, wakazunguka na maneno ya mvua na joto, kisha wakaitaja chupa. Anselm aliwafungia kila mmoja mzigo wake kwa gazeti na utepe, vizuri, kama karani wa posta. Niliingia mle kwa kisingizio cha kudai sufuria yangu, nikakaa. Sikutaka awe peke yake na watu wale.

Shangazi Velma alikuja wa mwisho. Alifungua bati, akainusa keki, akafumba macho.

"Umeinywesha."

"Kila mwezi, Shangazi."

"Ramu gani?"

"Ile nzuri. Ile uliyonikataza nisinywe."

Mama wa watu akakaa kwenye kiti, bati mapajani. "Garth alipiga simu Krismasi," akasema. "Nikamwambia mzigo wako uko kwa Anselm, anakuja nao. Akaniambia, Mama, huyo haji. Mpe mtu mwingine."

Nilitamani kumziba mdomo kwa taulo la saluni. Anselm alichukua bati mapajani mwake, akalifunga gazeti, akazungusha utepe, akalipigapiga juu kwa kiganja.

"Garth anajua mambo ya huko kuliko sisi," akasema.

Jioni ya Ijumaa Shivani mwenyewe alipita kuaga. Rafu ilikuwa tupu, imebaki chupa moja ya pilipili pembeni, haina jina. Hiyo aliisaga Anselm mwenyewe, na iliwekwa pale siku ileile ya kwanza, aende nayo.

"Anko, na hii? Nafasi bado ninayo. Nimpelekee nani?"

Anselm akaishika ile chupa. Nilimwona anatafuta jina. Alitafuta kweli, midomo ikicheza, mtaa mzima una watu kule na yeye hana hata mmoja wa kumpelekea pilipili.

"Ni yako," akasema mwishowe. "Kule chakula hakina ladha, wanasema."

Shivani akamkumbatia. Anselm alisimama mikono imening'inia, mtu aliyesahau mambo hayo hufanywaje, na mimi nikageuka kuitafuta sufuria yangu.

Baada ya majuma kadhaa Shivani alimtumia picha. Anselm alivuka barabara nayo mpaka saluni, simu mkononi, akasimama mlangoni. Nilikuwa nafagia.

"Imefika," akasema.

Niliitazama. Chupa yake ilikuwa juu ya meza karibu na dirisha, nusu imeshaliwa, na nje theluji tupu. Shivani ameandika kwamba pilipili imemtoa machozi. Nikaegemea fagio.

Anselm aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho. Hakuwa anaitazama chupa. Alikuwa anatazama nyuma yake, nje ya dirisha, kwenye vyuma vya baraza ya ghorofa ya jirani.

"Ona hapa, Dulcie. Kwenye kiungo. Ona chuma kilivyopanda juu ya chuma bila kushikana. Hiki kitaachia, baridi ikizidi kitaachia, mtu ataegemea aanguke." Akanigeuzia simu nione, na sauti yake ilikuwa imepanda, sauti ya zamani ya kiwandani. "Wanahitaji mtu hawa. Kweli wanahitaji mtu."

Akaiweka simu mfukoni, akavuka barabara kurudi kwake.