Alama za Mkaa za Fundi Taratibu

Jina alilopewa na wazazi wake nimeliona mara moja tu, kwenye karatasi ya makubaliano yetu, ameliandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama matofali. Mtaani hakuna anayelitumia. Anaitwa Fundi Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Ukimwambia mvua inakuja, taratibu. Ukimwambia saruji imekwisha, taratibu. Siku ngazi ilipoteleza akaangukia rundo la mchanga na watu wakakimbilia kumwinua, aliinua mkono akawaambia, "Taratibu jamani, bado nimelala."

Aliacha shule darasa la nne, baba yake alipofariki, akaenda kubeba matofali kwa mjomba wake mwashi. Mjomba hakuwa mtu wa maneno. Ukuta mbaya aliupiga teke, ukuta mzuri aliupita kimya. "Kusoma nimesomeshwa na miguu yake," aliniambia siku moja akipangusa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Sasa ana miaka hamsini na kitu, na akiutazama ukuta nusu dakika anajua umebakiza matofali mangapi.

Marehemu mume wangu ndiye aliyemchagua. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu, na kwa miaka kumi na tisa tuliishi katika nyumba ya shule. Alipofariki, kuta za nyumba tuliyokuwa tukijijengea zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Bodi ya shule ilinipa hadi tarehe thelathini, mwisho wa muhula, nikabidhi funguo kwa mwalimu mkuu mpya. Walinidokeza kwamba nikiomba kuongezewa muda sitanyimwa. Niliwashukuru na sikuomba. Watu waliokuwa wakisimama mume wangu akipita wasije wakasimulia kwamba mjane wake amebembeleza paa. Tarehe thelathini ningetoka kwa mlango wa mbele na kuingia kwangu kwa mlango wa mbele.

Basi nikapanga ratiba. Nimefundisha miaka ishirini na sita, nimepangia vipindi walimu kumi na watano wasiopendana. Mafundi wanne wangenishinda nini? Nilichukua karatasi ya manila na kalamu za rangi: mwashi bluu, bomba kijani, umeme nyekundu, plasta nyeusi. Kila siku ilikuwa na mraba wake. Nikaibandika ndani ya stoo ya saruji, nikaweka na sharti: swali lolote liletwe kwangu. Sikutaka mafundi wapigiane simu kuijadili nyumba yetu mitaani.

"Ndiyo, mama," walisema wote.

Fundi wa plasta, bonge la mtu mwenye kicheko cha kutikisa mabati, aliisogelea ile karatasi. "Mama, hii ukiitia fremu inafaa sebuleni kabisa."

Hakuna aliyeitazama tena. Fundi bomba alikuja siku niliyomwandika fundi umeme. Fundi umeme, binti mwembamba ambaye wenzake humwita Dada Waya, alikuja Jumanne badala ya Ijumaa, akatazama ndani, akaondoka bila kufungua begi. Nilisimama mlangoni na daftari langu nikiwa sielewi niandike nini. Na lililonichanganya zaidi ni kwamba kazi ilikuwa inasonga. Paa lilipanda. Fremu za milango zikakaa.

"Fundi," nilimuuliza, "hawa wanajuaje zamu zao?"

"Wanaona, mama."

"Wanaona wapi? Ratiba hawaisomi."

"Taratibu, mama. Wanaona."

Nilidhani ananikwepa. Kuta zenyewe, wakati huo, zilikuwa aibu tupu. Kila chumba kilikuwa kimechorwa kwa mkaa: miduara, mistari miwili miwili inayopanda hadi juu, misalaba, vijiti vya kuhesabia. Niliichukulia kama nilivyoichukulia michoro ya vijana kwenye madawati: watu hawana la kufanya, mkono umepata mkaa.

Ikawa Jumamosi moja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akanipigia kwamba kesho yake angekuja na wazee wawili wa ukoo kuona nyumba. Shemeji ni mtu wa kuangalia. Akiingia kwako hutazama dari kabla hajakusalimu. Mafundi walikuwa wamekwisha kuondoka, na Fundi Taratibu alikuwa ameaga kwenda kiwanda cha mbao kuchagua mbao za dari, safari ya siku nne. Nilizunguka vyumba nikaona nyumba ya mwalimu mkuu imechorwachorwa kama choo cha stendi. Nikachukua ndoo, brashi ngumu na sabuni. Hadi jua linaelekea kuzama nilikuwa nimesugua sebule, korido, jiko na vyumba vyote vitatu, mikono imechubuka.

Jumapili shemeji alitazama juu, ingawa dari bado haikuwepo, akatazama kuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi," aliwaambia wazee. "Nyumba ya mwalimu hii." Nililala vizuri.

Jumatatu hadi Jumatano nilikuwa shuleni nikikabidhi vitabu vya maktaba. Alhamisi asubuhi nikaenda kwenye ujenzi. Nilipofungua mlango kuta zote zilikuwa zimepigwa plasta, laini kama yai. Fundi wa plasta alikuwa kwenye korido akimalizia kona, anaimba.

"Mama, karibu kwako!" alisema. "Siku tatu, vyumba vyote. Wenzangu wanaitwa taratibu, mimi naitwa fataki."

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumsifu, Dada Waya akaingia. Alisimama katikati ya sebule. Akageuka kulia, akageuka kushoto, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Swichi zangu nazitia wapi?" aliuliza.

"Ukutani," fundi wa plasta akasema, "au unataka nikushikie mkononi?"

"Kaka, sijapitisha hata waya mmoja nyumba hii!"

"Ulishapitisha. Ukuta ulikuwa mweupe."

"Mweupe nani kakwambia? Niliiona miduara kumi na nane hapa sebuleni na korido!"

Fundi bomba naye akaingia na mabomba begani, akaenda moja kwa moja jikoni, akarudi na mabomba yake vilevile begani. "Samahani," alisema taratibu, "hii ndiyo nyumba ya mama mwalimu, au nimekosea geti?"

Hapo wakaanza kusema wote kwa pamoja, na mimi katikati yao nikigeuza shingo kila upande. Huyu anasema alama, yule anasema hakukuwa na alama, wa tatu anasema yeye hajafuta yake. Niliwanyamazisha kama darasa. "Mmoja mmoja! Alama gani?"

Dada Waya ndiye aliyenieleza, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kumbe Fundi Taratibu akimaliza ukuta huuchora. Duara ni umeme, mistari miwili ni bomba, msalaba ni seremala. Fundi akija anatafuta alama yake. Akikuta alama ya anayemtangulia bado ipo, anarudi zake. Akimaliza kazi anaifuta kwa mkono wake mwenyewe. Ukuta usio na alama hata moja ni ruhusa ya plasta. Wamefanya kazi naye hivyo miaka na miaka, nyumba baada ya nyumba, bila karatasi na bila simu.

"Na hizi," alisema akipapasa plasta mbichi, "kuna mtu kazifuta zote."

Niliona uso unanichoma. Nikasema, "Tumsubiri fundi mkuu." Maneno hayo hayakuwa uongo. Lakini hayakuwa ukweli pia.

Fundi Taratibu alirejea adhuhuri. Alipita chumba hadi chumba, mkono wake ukitambaa ukutani. Aliporudi sebuleni nilimwona, kwa mara ya kwanza, hana neno lake.

"Nilichora," alisema. "Nadhani nilichora. Korido nilichora?"

"Ulichora, mzee," Dada Waya akasema.

"Labda nyumba ile nyingine. Labda ile ya juu." Alivua miwani akaishika tu. "Mjomba wangu naye ilimwanza hivi. Alijenga ukuta asubuhi, jioni akauliza nani kaujenga."

Shemeji, ambaye nilikuwa nimempigia simu asubuhi nikiwa nimepagawa, aliwasili wakati huo. Hakukaa. "Nilijua tu," alisema. "Shemeji, mwondoe huyu mzee leo hii. Zimebaki siku kumi na moja. Nitakuletea fundi wangu, na watu wakiuliza, tutasema ukweli, kwamba fundi alikuwa amechoka kichwa. Jina letu halimo."

Jina letu halimo. Nilikuwa nimelitafuta neno hilo tangu asubuhi na sasa limeletwa kwenye sahani. Nilichotakiwa ni kunyamaza. Nikamtazama yule mzee anahesabu kwa vidole vyake, anajaribu kukumbuka Jumamosi iliyopita, na vidole havimpi jibu.

"Nilizifuta mimi," nilisema.

Shemeji alicheka kidogo, akidhani namtania.

"Mimi, shemeji. Jumamosi. Kwa brashi na sabuni. Ili wewe na wazee msione kuta chafu."

Fundi wa plasta akapiga paja lake. "Mama, na ulivyosugua! Mimi nilisema hawa mafundi siku hizi wamekuwa wasafi."

Fundi Taratibu alikaa juu ya mfuko wa saruji. Sikujua kama amekasirika. Alivaa miwani.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani kichwa kimeanza kuniaga."

Shemeji aliniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo kama yale hayasemwi mbele ya mafundi. Nikamwambia yamekwisha kusemwa. Akaondoka bila kutazama juu.

Jioni ile tulianza upya. Tindo na nyundo viliingia kwenye plasta mbichi, mifereji ya waya na mabomba ikachimbwa, vumbi likajaa hadi kwenye nyusi. Nilimuuliza Fundi Taratibu anijibu kwa kweli: tarehe thelathini, nitahamia au sitahamia?

"Vyumba viwili, mama. Na choo. Sebule na jiko, hapana."

"Hata tukiharakisha?"

"Tukiharakisha, kimoja."

Ningeweza kwenda bodini kuomba wiki tatu. Nilivaa hata viatu. Kisha nikavivua. Nyumba ya vyumba viwili iliyo yangu ilinifaa kuliko nyumba nzima iliyomalizwa kwa muda wa kuomba.

Tarehe thelathini nilikabidhi funguo saa nne asubuhi, nikasaini, nikapeana mkono na mwalimu mkuu mpya. Lori lilipofika kwangu, majirani walitoka wakasimama barazani kwao. Waliona kabati la vitabu la marehemu linapitishwa katikati ya mifuko ya saruji, sofa zinafunikwa mashuka, na kuta za sebule zimechanwa mistari kuanzia juu hadi chini. Sina shaka walikuwa na ya kusema. Niliwasalimia mmoja mmoja.

Niliamka kesho yake kwa sauti ya mwiko wa plasta ukikwaruza ukuta. Nikafungua mlango wa chumba nikiwa na kanga yangu, nikakuta mafundi watatu kwenye korido, kila mmoja na chombo chake, na sikuelewa hata kidogo leo ni zamu ya nani.

"Shikamoo mama," alisema Fundi Taratibu. "Tunaomba kitanda kihamie chumba cha pili."

"Jana umeniambia kikae hiki hadi Ijumaa!"

"Ndiyo, mama. Lakini leo bomba limesema vingine."

"Na mimi nitajuaje, fundi, siku itakayofuata?"

"Uliza tu, mama," alisema. "Tutakwambia." Kisha akashika upande mmoja wa kitanda, akangoja nishike mwingine.